Dakika Ishirini na Tano

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Wiki hii zamu ya rozari imefika nyumba ambayo nimeikwepa tangu mwezi wa sita. Ni Oktoba, mwezi wa rozari, mnajua jumuiya yetu tunavyozunguka kusali nyumba kwa nyumba, leo kwa huyu kesho kwa yule. Nilipoona nyumba ile imepangiwa Jumanne moyo ulinishuka, nikaanza kutafuta udhuru. Nilikuwa nao wa kutosha: kikao cha vikoba, na huu mguu wangu unaovimba nikisimama muda mrefu. Mume wangu akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mke wangu, utamkimbia mtoto yule mpaka lini?"

Mtoto mwenyewe ni binti wa miaka 16, yuko kidato cha pili, ana saratani ya mfupa. Mama yake ameniruhusu niandike. Binti naye amekubali, ila jina lake nisilitaje. Basi nitamwita binti yetu, maana ni wa jumuiya nzima.

Maumivu yalimwanzia gotini, usiku zaidi kuliko mchana. Sote tulidhani ni netiboli. Goti likavimba, akachuliwa kwa mafuta, akafungwa majani, akaombewa, miezi ikapita. Alipopigwa picha hospitali ugonjwa ulikuwa umekwenda mbali, na mguu ukakatwa juu ya goti. Siku aliporudi nyumbani na magongo tulikuwa tumejaa sebuleni tukimsubiri. Alitusalimia vizuri, shikamoo kwa kila mmoja, akaingia chumbani akafunga mlango.

Mama yake akatuomba, "Mwacheni kidogo."

Hatukumwacha. Mimi, mwenyekiti wa jumuiya, niliinuka nikaenda kugonga. Nikagonga kwa vidole, nikagonga kwa kiganja. Nikasema kwa sauti ya kusikika sebuleni, "Mwanangu, fungua, usimpe shetani nafasi." Akafungua. Macho mekundu, kitenge chake kimelowa upande mmoja alipokuwa amekiuma asisikike. Tukamzunguka, tukaimba, tukamwekea mikono karibu saa nzima, naye anatazama sakafu. Wakati wa kuaga nikamwambia kwamba mwenye imani kama punje ya haradali huhamisha mlima, sembuse huo uvimbe. Nikarudi kwangu nimeridhika kabisa.

Siku ya tatu mama yake akaniambia kwamba usiku ule mtoto alimuuliza, "Mama, kwa hiyo nimeumwa kwa sababu sina imani?"

Sikukanyaga tena pale. Nilituma hela kwa simu, nikatuma sukari, nikatuma salamu kwa wenzangu. Kila mtu akaniona mkarimu.

Sasa Jumanne hiyo, kabla ya kwenda, nilikaa na maisha ya Chiara Luce Badano, ambaye Kanisa limemtangaza Mwenyeheri, hatua moja kabla ya kuitwa mtakatifu. Tarehe 7 Oktoba, sikukuu ya Bikira Maria wa Rozari, ndiyo siku aliyofariki, mwaka 1990, kabla hajatimiza miaka 19. Wengi mnamjua kwa picha ile ya msichana anayecheka, nywele zimemzunguka uso. Alizaliwa Sassello, mji mdogo wa milimani kaskazini mwa Italia, mwaka 1971. Baba yake alikuwa dereva wa lori, na wazazi wake walimsubiri miaka 11 ndani ya ndoa. Akiwa na miaka 9 akaingia katika kundi la watoto wa Wafokolari, chama cha kitume cha Kikatoliki. Alipenda tenisi, alipenda kuogelea, na mwaka mmoja alifeli shuleni akarudia darasa. Hilo la kurudia darasa lilinigusa, sijui kwa nini. Labda kwa kuwa huwa tunawasimulia watakatifu kana kwamba hawakuwahi kushindwa chochote.

Mwaka 1988, katikati ya mchezo wa tenisi, alishikwa na maumivu makali begani hadi raketi ikamponyoka. Ilikuwa saratani ya mfupa, ugonjwa ule ule wa binti yetu, ule unaopenda kuwavamia vijana wakati mifupa yao inarefuka kwa kasi.

Na hapa ndipo niliposimama, sikuweza kuendelea. Siku Chiara alipotambua ukubwa wa ugonjwa wake alirudi nyumbani. Mama yake alikuwa akimsubiri, akamuuliza imekuwaje. Chiara akamwambia asiseme naye kwa wakati ule. Akajitupa kitandani, macho ameyafumba, na mama akawa anaona usoni pa mwanawe vita anayopigana ndani. Akanyamaza. Zikapita dakika 25. Kisha mtoto akamgeukia na lile tabasamu lake la kila siku, akamwambia, sasa unaweza kuongea. Alikuwa ameshampa Yesu jibu. Na jibu hilo alilirudia mpaka mwisho: kama wewe wataka, Yesu, nami nataka.

Dakika 25, ndugu zangu. Tunalipenda tabasamu, tunalihubiri tabasamu, tunaliweka kwenye kadi. Zile dakika zilizolizaa hatuzitaki! Nami nilikwenda kuzivunja kwa kiganja changu mwenyewe.

Rozari ya Jumanne ni Matendo ya Uchungu, tunapotafakari mateso ya Yesu. Tendo la kwanza, Yesu anatoka jasho la damu. Tunalisema kila juma. Bwana wetu mwenyewe alipofika bustanini aliwaambia wale wanafunzi wake watatu, "Roho yangu ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, kaeni hapa mkeshe pamoja nami." Hakuwaambia wamwimbie. Hakumwambia Petro amkumbushe Maandiko. Aliomba watu wa kukaa karibu wakiwa macho, basi. Akarudi akawakuta wamelala. Sisi hatukulala, sisi tulipiga kelele, na sijui kama kuna tofauti kwa yule anayetoka jasho.

Mwana wa Mungu aliomba kikombe kimwepuke, akaomba mara ya pili, na ya tatu. Ikiwa yeye alihitaji muda kufika kwenye "si kama nitakavyo mimi", mtoto wa kidato cha pili tunamdai ashukuru siku ile ile aliyotoka kukatwa mguu? Mwacheni alie. Mama, mwache mwanao alie. Baba, usimwambie mtoto wa kiume kwamba mwanaume halii. Mgonjwa anayemuuliza Mungu "mbona umeniacha" bado anaongea na Mungu, tena kwa maneno ya Zaburi, tena kwa maneno ya msalabani. Anayetakiwa kuogopa ni sisi tunaomziba mdomo. Marafiki wa Ayubu tunawalaumu sana, lakini walikaa naye chini siku saba usiku na mchana bila kusema neno, kwa kuwa waliona mashaka yake ni makuu mno. Walikosea walipofungua midomo. Mimi sikukaa hata dakika saba.

Nisameheni, hapa nitasema kwa ukali kidogo. Kuna wanaozunguka kwa wagonjwa wakiwaambia waache dawa ili kuonyesha imani. Tena wengine ni wa kanisani kwetu, si wa mbali. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi tajiri zaidi ya watoto 80 kati ya 100 wenye saratani hupona, na katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati wanaopona hawafiki 30. Je, watoto wa kule wana imani kuliko wa kwetu? Sivyo. Wao ugonjwa wao unajulikana mapema, dawa zipo, na wanamaliza matibabu waliyoanza. Wa kwetu wanachuliwa mafuta, wanatafutiwa mchawi, nauli inaisha, dripu ya pili ya dawa za saratani hawarudi. Mfupa unaouma usiku, uvimbe usioisha, mtoto anayekonda bila sababu, mpelekeni hospitali, na maombi tutawafuata nayo huko huko wodini. Mwanajumuiya atakayemwambia binti yetu aache dripu zake aje kwanza aniambie mimi.

Na wala asitokee mtu wa kumwambia avumilie maumivu kwa sababu Chiara alikataa mofini, ile dawa kali ya kutuliza maumivu. Ni kweli aliikataa, akisema inamwondolea utulivu wa akili, na maumivu ndicho kitu pekee alichobaki nacho cha kumtolea Yesu. Hiyo ilikuwa sadaka yake, aliichagua mwenyewe. Kanisa linaruhusu dawa za kutuliza maumivu, na Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, inasema hivyo wazi. Sadaka ya mtu haitolewi na jirani.

Kuna mengine mengi ya Chiara ambayo ningependa kuyakalia. Pale hospitali ya Turin alikuwa akimtembeza msichana mwingine mgonjwa, aliyekuwa na huzuni nzito na shida ya dawa za kulevya, na kila hatua ilimuuma mgongo. Wakimwambia apumzike, anasema atalala baadaye. Nywele zilipoanza kukatika, kwa kila shungi lililoanguka alisema, kwa ajili yako, Yesu. Fedha alizopewa kwa kutimiza miaka 18 alimpa rafiki yake aliyekuwa akienda kuhudumu Benin, Afrika yetu hii. Konea zake, ule utando angavu wa mbele ya jicho, walipewa vijana wawili. Maziko yake aliyapanga kama arusi, na gauni jeupe, na neno lake la mwisho kwa mama yake lilikuwa kumwambia afurahi, kwa kuwa yeye ana furaha. Mwaka 2010, tarehe 25 Septemba, akatangazwa Mwenyeheri huko Roma, wazazi wake wote wawili wakiwepo. Fikiria mama yule, amekaa anatangaziwa mwanawe, yeye aliyejua kunyamaza dakika 25.

Basi Jumanne nilikwenda. Nilitangulia nusu saa kabla ya wenzangu ili nimkute peke yake, nimwombe radhi. Sikumkuta peke yake. Alikuwa barazani kwenye mkeka, mgongo umeegemea ukuta, magongo yamelazwa kando, na mbele yake watoto wanne wa darasa la nne na madaftari yao ya hesabu. Ana kalamu nyekundu, anasahihisha. Kichwani kitambaa cha bluu. Mmoja alikuwa amekosea kugawanya, akamwambia, "Rudia. Usinitazame mguu, tazama namba." Yule mtoto akacheka, naye akacheka, wakarudia pamoja.

Kumbe ni kila siku jioni. Walianza wawili, jirani tu, sasa wakati mwingine wanafika tisa. Mama yake anasema siku za dripu anatapika hadi alfajiri, na siku ya tatu anauliza kama wanafunzi wake walikuja. Na yeye mwenyewe mtihani wake ni mwezi ujao, anasoma usiku.

Watoto walipoondoka nikakaa mkekani. Nikamwambia, "Mwanangu, siku ile niligonga mlango wako. Nilikukosea. Na lile neno la imani nililokuambia halikuwa la kweli kwako. Naomba unisamehe."

Alikaa kimya. Nami, kwa neema ya Mungu, nikakaa kimya pia. Kuku wakapita, jirani akafungulia bomba, ndoo ikajaa, ikafurika. Machozi yalimtoka kidogo, akayafuta kwa ncha ya kitambaa. Kisha akasema, "Mama Mwenyekiti, mkija huwa mnaniombea kama vile mimi sipo. Hakuna anayeniuliza naombea nini."

Nikamuuliza, "Unaombea nini?"

Akasema anaombea dripu ya tatu isichelewe, na mama yake apate usingizi, na mtoto yule wa kugawanya afaulu. Nikasubiri aseme kuhusu kupona. Akanielewa. "Hilo namwambia Yesu usiku," akasema. "Wakati mwingine namwambia kwa hasira. Sijui kama inafaa." Nikamwambia inafaa. Nikamsimulia habari za Chiara na zile dakika 25, naye akauliza swali moja tu: yule mama yake hakuogopa kukaa kimya muda wote ule?

Wenzetu walipofika nilimwomba yeye aongoze tendo la kwanza, na nia aitaje yeye. Aliongoza akiwa ameketi, sauti ndogo, hakuharakisha Salamu Maria hata moja. Baada ya tendo lile alinyamaza kabla ya kumpa mwingine, akanyamaza muda mrefu kiasi kwamba mzee wetu mmoja akakohoa akitaka kuanzisha wimbo. Nikamshika mkono. Tukakaa hivyo hivyo gizani, umeme ulikuwa umekatika, na tulisikia tu punje za rozari.

Anaondoka Jumatatu kwa dripu ya tatu. Nauli imetimia, asanteni akina mama wa WAWATA. Atakayeweza kwenda kumsalimu Jumapili baada ya Misa ya pili aende, lakini msiende zaidi ya watatu kwa mara moja, na mbisheni hodi mara moja tu. Akisema leo hapana, basi ni hapana, mwacheni na mama yake. Mpelekeeni machungwa na ndimu, maana dawa zimemharibia ladha na kwa sasa chakula chote anakisikia kama chuma. Na madaftari ya hesabu, yale ya mraba. Yamemwishia.