Oksijeni Inayopanda Kutoka Nchani mwa Dunia

Sisi wa Malindi, nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta, hatutarajii kuuona mwanga wa ncha, ule mwanga wa rangi unaowaka usiku karibu na ncha za dunia, ukitanda angani kwetu, ingawa elimu ya anga ya juu si ngeni huku: huko Ngomeni, jukwaa la San Marco lingali limesimama baharini kwa miguu yake ya chuma, na kati ya 1967 na 1988 roketi zilirushwa kutoka hapo zikiwa na setilaiti, baadhi zikipima angahewa ya ukanda wa ikweta.

Linalonishughulisha mimi ni oksijeni. Ioni yake, yaani atomi iliyopoteza elektroni (chembe ndogo yenye chaji hasi), ni nzito mara 16 kuliko ya hidrojeni, na ili iiponyoke dunia inahitaji nishati ya takriban elektroni-volti 10 (kipimo cha nishati ya chembe), ilhali joto la ionosfia, tabaka la juu la angahewa lenye ioni, haliipi hata moja. Hata hivyo, tangu miaka ya 1970 setilaiti zimeikuta maelfu ya kilomita juu ya ncha.

Hatua ya kwanza ya safari hiyo ni ya upole. Elektroni, kwa wepesi wake, hutangulia kupanda na kuzivuta ioni nyuma yake kwa nguvu ya umeme. Roketi ya Endurance, iliyorushwa kutoka visiwa vya Svalbard, karibu na ncha ya kaskazini, mwezi Mei 2022, ilipima tofauti ya volti 0.55 tu kati ya kimo cha kilomita 248 na 768. Kiasi hicho huitosha hidrojeni, lakini oksijeni huinuliwa tu bila kuachiliwa. Mwanga wa ncha unapowaka, elektroni zinazomiminika kutoka juu huongeza joto la elektroni za ionosfia na hivyo kuukuza mvuto huo, na wakati huohuo ioni zinazosukumwa na umeme husuguana na hewa na kupata moto.

Kisha huja hatua ninayoiona kuwa ya ajabu kuliko zote. Ioni huzunguka mstari wa uga sumaku, yaani wa nguvu ya sumaku inayoizunguka dunia, kwa mwendo wake maalumu, na mawimbi ya umeme yenye mdundo unaolingana na mzunguko huo huiongezea kasi kila duara, kama bembea ya Idi inayosukumwa kwa wakati wake. Kwa kuwa uga hudhoofika kadiri mtu anavyopanda, kasi hiyo ya kuzunguka hugeuka kuwa kasi ya kwenda juu, na hapo ndipo oksijeni huondoka. Kwa jumla dunia hupoteza hivyo takriban kilo moja hadi tatu kila sekunde, kiasi kidogo mno kwa angahewa yenye uzito wa tani trilioni elfu tano.

Kwetu njia hiyo haipo, kwani mistari ya uga sumaku hupinda na kurudi ardhini upande wa pili wa ikweta. Lakini si ioni zote zilizoponyoka nchani hupotelea mbali: nyingi hunaswa katika mkondo wa umeme unaoizunguka dunia juu ya ikweta, na katika dhoruba kubwa za sumaku oksijeni inaweza kubeba zaidi ya nusu ya nishati ya mkondo huo, ambao huudhoofisha uga sumaku hata hapa pwani.