Siku Nilipofunika Picha ya Ng'ombe

Mwanangu alipokuwa Gredi ya Kwanza, kila jioni alinisomea kitabu chake cha Kiswahili bila kukwama. Nina kibanda cha ushonaji hapa Manyatta, Kisumu, na wateja wakimsikia walimsifu sana. Jioni moja kiganja changu kikafunika picha ya ng'ombe ukurasani. Akanyamaza kimya. Nilipoondoa mkono, akaendelea. Kumbe alikuwa amekariri kitabu kizima, akifuata picha tu. Niliumia sana.

Kesho yake nikaenda kumwona mwalimu. Darasa limejaa, hawezi kumsikiliza kila mtoto, na sikumlaumu. Akaniambia, "Mama, anzia silabi. Na kabla hujamsahihisha anavyoandika, sikiliza anavyotamka."

Nikakata boksi la sabuni vipande vipande, nikaandika ba be bi bo bu, hadi za ze zi zo zu. Kiswahili kina neema hiyo: irabu ni tano tu, wala hazibadili sauti. Mtoto akishika silabi, anaunganisha mwenyewe. Ka, la, mu: kalamu. Dakika kumi, kisha aende akacheze, maana nikizidisha alianza kubahatisha.

Kilichotusumbua ni neno shamba. Kila mara aliandika "samba", nami nikamkaripia, mpaka nikakumbuka maneno ya mwalimu. Mtoto alikuwa akiandika sawasawa na anavyosema! Kijaluo, lugha yetu ya nyumbani, hakina sauti ya sh. Basi tukaiweka daftari kando, tukaanza na mdomo. Nikamwambia atoe sauti ya kumtuliza mtoto mchanga, shhh, halafu aongeze a. Sha. Sha-mba. Tulirudia wiki nzima, hata wateja wakaingilia.

Kwa ng' mambo yalikuwa kinyume. Wengine huiona ngumu, lakini Kijaluo kinayo, na yeye ameitamka tangu alipoanza kusema. Nyanya yake alipomsimulia sigana, yaani hadithi, ya ong'er, ndiye tumbili kwa Kijaluo, nililiandika neno hilo kando ya ng'ombe. Akaiwekea kidole ile ritifaa, kile kialama (') cha juu, katika neno la kwanza, kisha la pili. "Mama, ni ile ile!"

Juzi tulikuwa tukitoka sokoni Kibuye, akasimama ghafla mbele ya duka la nafaka. Ma. Ha. Ra. Ile gwe ikamkwamisha. Nilikuwa na mzigo kichwani na jua lilikuwa kali, lakini nilisimama pale pale nikamngoja.