Mimi ni MC, na sindano za ndita nimechomwa

Nianze na washauri, maana wamenichosha. Ukiwa mwanamume wa miaka arobaini na kitu hapa Dar, ukathubutu kusema unataka kupunguza makunyanzi kwa sindano za Botox, kila mtu anageuka daktari. Shemeji yangu aliniambia uso utaganda, sitacheka tena mpaka naingia kaburini. Fundi wa kamera ninayefanya naye kazi akasema ukishaanza huwezi kuacha, ukiacha ngozi yote inaporomoka. Kinyozi wangu yeye alikuwa na tiba kabisa: ute wa yai na ndimu kila usiku, "bro, mwezi mmoja tu." Katika hao wote hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona hiyo sindano.

Kazi yangu ni kusherehesha. Harusi, sendofu, kicheni pati, vikao vya kuvunja kamati, nakwenda kote. Na tatizo langu lilikuwa ndita. Nina mistari miwili iliyosimama wima katikati ya nyusi, mali ya urithi. Marehemu baba alikuwa nayo na mtaa mzima ulimwogopa bila sababu. Ongeza miaka ya kusoma ratiba kwenye ukumbi uliozimwa taa, na sherehe za bustanini jua likinipiga usoni, ikachimbika. Nikiwa natafakari tu nani anafuata kutoa zawadi, kwenye video naonekana nimefiwa. Mama mmoja wa bibi harusi aliwahi kuuliza kamati kama MC hajamaliziwa hela yake. Mweka hazina akanifuata jukwaani, ananinong'oneza, "Kaka, si tulimalizana?" Tulimalizana, tena vizuri.

Kabla ya sindano nilijaribu plasta. Hii niliipata kwa MC mwenzangu, na nadharia yake ukiisikia utaikubali: tunakunja ndita hata usingizini, kwa hiyo bandika plasta katikati ya nyusi ulale nayo, msuli ukose pa kukunjia. Nikanunua ile plasta ya kitambaa duka la dawa, inayoshika kweli kweli. Usiku wa kwanza ikabanduka kwa jasho. Usiku uliofuata nikaamua kuikomesha: nikaosha uso, nikafuta na spiriti, nikabandika mbili, moja juu ya nyingine. Asubuhi ilikuwa Ijumaa, na jioni nina shughuli ya nikahi. Nikavuta taratibu, haiji. Nikaweka maji ya uvuguvugu, haiji. Mama watoto akasema, "Hebu sogea," akaivuta mara moja. Ikaja na ngozi ya juu, na nywele za nyusi pande zote mbili. Jioni nimesimama mbele ya mashehe na alama ya mraba katikati ya paji, inang'aa, poda haishiki. Na sisi weusi ngozi ikichubuka inaacha doa: lile baka lilikaa wiki na wiki. Ndita zenyewe ziko palepale, sasa zimewekewa fremu.

Baada ya hapo nikaelekezwa kwa dada mmoja anayechoma sindano kwenye saluni. Bei yake ilikuwa ya kukufanya utoe pochi bila kufikiri, kama theluthi ya ile ya kliniki. Kumbe na mimi nilikuwa nimeshasoma soma. Dawa hii, ambayo watu wote wanaiita Botox ingawa hilo ni jina la biashara la kampuni moja na ziko nyingine halali, kwa kawaida huja kama unga mkavu ndani ya kichupa kidogo, mdogo kiasi kwamba kwa macho kichupa unaweza kudhani ni kitupu. Kinakaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na mchomaji anakizimua kwa maji ya chumvi safi ya hospitali. Dada akafungua chupa ya chai. Ndani barafu, na juu ya barafu bomba la sindano limeshajazwa.

Hapo nikatumia ujanja ambao mpaka leo najipongeza. Sikugombana naye. Nikamwambia kwa sauti yangu ya ukumbini, "Dada, mke wangu naye anataka, ila ni mbishi, naomba nipige picha ya kichupa nimtumie ashawishike." Kichupa kimebaki kwa bosi. "Basi namba ya toleo na tarehe ya kuisha?" Atanitumia baadaye. "Na unanichoma yuniti ngapi?" maana dawa hii hupimwa kwa yuniti. Akaliangalia bomba, akaniangalia mimi, akasema, "Yote." Nikapokea simu ambayo haikuita, nikatoka nayo mpaka barabarani.

Huo ujanja wa mke mbishi nimeutumia kila mahali tangu siku hiyo, na naugawa bure. Ukimwuliza mtu moja kwa moja kama dawa yake ni feki, atakasirika. Ukimpa nafasi ya kupata mteja wa pili, aliye halali atakufungulia friji mwenyewe. Na ndivyo ilivyokuwa kwenye kliniki ya ngozi niliyoishia: nesi akatoa kichupa, akanionyesha lebo, nikapiga picha mpaka akacheka. Daktari nilishahakikisha ana leseni ya Baraza la Madaktari Tanganyika, na nilimwuliza bila aibu kama dawa imesajiliwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Hakununa. Akinuna, ondoka.

Mama watoto alikuwa amebaki na neno moja: sumu. Na hapo siwezi kumpinga, ni sumu kweli. Inatengenezwa na bakteria anayeitwa Clostridium botulinum, yule yule wa vyakula vya makopo vilivyoharibika, na ikiingia mwilini kwa wingi inapooza mpaka misuli ya kupumua. Ila kipimo cha usoni ni kidogo mno, na kinachofanyika ni kuzuia neva isiutumie msuli ile kemikali ya kuuamuru ujikunje. Msuli ukipumzika, ngozi iliyo juu yake inatulia. Daktari alinisimulia ilikoanzia, nami mtu wa stori nikaidaka. Daktari wa macho wa San Francisco, Alan Scott, alikuwa anatafuta namna ya kunyoosha makengeza bila kupasua. Mwaka 1989 Marekani ikairuhusu dawa kwa makengeza na kwa kope zinazojifumba zenyewe. Kule Vancouver, Kanada, daktari mwingine wa macho, Jean Carruthers, akawa anawatibu hao wa kope, na mgonjwa wake mmoja akamlalamikia mbona leo hujanichoma hapa katikati ya nyusi, maana ukinichoma hapo uso wangu unapendeza. Mumewe Alastair ni daktari wa ngozi. Unajua mazungumzo ya mezani usiku huo yalikuwaje. Wakaandika utafiti wao mwaka 1992, na mwaka 2002 Marekani ikairuhusu Botox kwa ndita. Hii stori nimeshaitumia kwenye kicheni pati mbili, inafanya kazi.

Sasa sindano yenyewe. Daktari aliuliza maswali mengi kuliko nilivyotarajia: dawa ninazotumia, kama nimechomwa antibiotiki ya gentamisini karibuni, kama nina ugonjwa wa kulegea misuli, kama nina makovu yanayovimba. Mwanamke angeulizwa pia kama ni mjamzito au ananyonyesha, na akisema ndiyo angerudishwa nyumbani. Diclofenac, ile dawa ya maumivu, niliacha siku kadhaa kabla, ili nisivilie damu. Akaniambia, "Kasirika." Nikakasirika. Akaweka vidoti vitano kwa penseli nyeupe, na vingine juu ya paji. Sindano ni nyembamba, inafanana na ya wagonjwa wa kisukari. Maumivu ni ya kufumba jicho na kufumbua, lakini pale katikati ya nyusi nilisikia mlio wa ajabu, kama mtu anayetoboa karatasi ngumu ndani ya kichwa changu. Hilo hakuna aliyenitayarisha nalo. Kwenye ndita ziliingia yuniti 20. Kwenye paji akaweka kidogo tu, kwa sababu msuli wa paji ndio unaobeba nyusi, ukiulaza wote nyusi zinakushukia machoni. Usilinganishe hizo namba na za rafiki yako aliyechomwa Dysport, dawa ya aina hii ya kampuni nyingine, yuniti zake ni za kipimo kingine.

Masharti ya baadaye ni madogo ila yanakera: kwa muda wa saa nne usilale, usiinamishe kichwa, usisugue wala kukandamiza pale, dawa isije ikahama. Anayeswali ajipange. Mimi nilichukua nafasi ya saa mbili asubuhi, hivyo mpaka adhuhuri inaingia muda ulishapita, nikasujudu bila wasiwasi. Jambo ambalo sikulipangia ni helmeti. Nilikuja kwa bodaboda, na daktari alipoiona mkononi akacheka: inabana pale pale. Bodaboda akarudi peke yake, mimi nikapanda bajaji. Alinipa na onyo la maana: kope ikishuka nimpigie, na nikiona shida ya kumeza, kuongea au kupumua, nisipige simu, niende hospitali.

Siku ya kwanza hakuna kitu. Ya pili hakuna. Nikaanza kuwaza zile laki kadhaa zingenunua nini. Kisha asubuhi moja napiga mswaki, najaribu kukunja ndita, uso umegoma! Nilikasirika mbele ya kioo mpaka watoto wakaja kuangalia.

Furaha ikakatishwa na unyusi wa kulia. Ulipanda. Si sana, lakini ncha yake ya nje ilijikunja kwenda juu na ikakaa huko, sura ya mtu asiyeamini anachoambiwa. Daktari alishanidokeza kwamba linaweza kutokea, na kwamba marekebisho ni baada ya wiki mbili, dawa ikishatulia. Wiki mbili zenyewe katikati yake kulikuwa na sendofu. Nikasimama na kipaza sauti, baba mdogo wa bibi harusi akatangaza kwamba familia yake inatoa friji. Nikamgeukia kumshukuru, na unyusi ukamgeukia vilevile. Ukumbi ukaangua kicheko. Mzee akadhani namdharau. "MC, huamini? Andika na jiko la gesi!" Nikasema asante mzee, kwa heshima zote, unyusi juu. Akaongeza na kitanda. Kamati ile ilinipa bonasi, na hawajui wamshukuru nani.

Marekebisho yalikuwa yuniti mbili tu juu ya unyusi ule, bila malipo, na siku chache baadaye ukashuka mahali pake. Kwa hiyo kabla hujalipa, uliza kama marudio ya wiki mbili yamo ndani ya bei. Na tukio kubwa liweke angalau mwezi mbele. Usichomwe wiki ya harusi yako.

Ndita hazikufutika kabisa. Ile mikunjo inayotokea ukikunja uso imekwisha, lakini ule mstari mrefu wa kushoto umeacha uzi mwembamba hata nikiwa nimetulia. Fundi wa kamera, ambaye sasa ni mtaalamu, akanishauri nijazwe filla. Daktari alikataa katakata kunijaza pale. Filla ni kitu kingine, inajaza chini ya ngozi, na katikati ya nyusi ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kumpofusha mtu. Alinipa mafuta ya kukinga jua na kuniambia nivae miwani ya giza bustanini. Navaa, na watu wanadhani najidai.

Ilipofika mwezi wa nne tangu nichomwe, ndita zikaanza kurudi taratibu, zile zile za zamani. Hakuna kilichoporomoka, fundi wa kamera. Na nilicheka muda wote huo, shemeji, hata nilipotazama video ya friji. Nimerudia mara moja kabla ya msimu wa harusi za baada ya Ramadhani, safari hii daktari akiwa ameandika kwenye faili langu, kwa wino mwekundu, unyusi wa kulia.

Nikamwuliza na kuhusu kwapa, maana suti na joto la Dar ni vita, na nilisikia dawa hiyo hiyo inazuia jasho. Akasema ndiyo, inafanya kazi vizuri, na inakaa muda mrefu kuliko usoni. Yuniti ngapi? "Hamsini." Nikashusha pumzi. "Kila kwapa." Nikamshukuru, nikaenda kwa fundi cherehani kushona suti ya kitani.