Udongo wa Lushoto chini ya maji

Jumapili, jioni.

Tangi liko mezani bila samaki hata mmoja, na kila anayeingia sebuleni anauliza wako wapi. Mimi akili yangu yote iko kwenye mchanga. Taa ikinichosha nitaibadilisha, kichujio kikizeeka nitanunua kingine, hata samaki naweza kumgawia jirani. Lakini ukishatandaza kitu chini ya tangi na mimea ikashika mizizi, kukitoa ni kung'oa kila kitu na kuanza upya. Kwa hiyo safari hii sina haraka, ingawa wanangu wanayo kwa niaba yangu.

Ukiishi Dar es Salaam, mchanga wa kwanza kukujia kichwani ni wa baharini. Mweupe, unapendeza, na uko hapo hapo ufukweni. Tatizo lake ni matumbawe na makombe yaliyosagika ndani yake. Hiyo ni kalsiamu kaboneti, huyeyuka polepole, huyafanya maji kuwa magumu na kupandisha pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, na maji ya visima vingi vya hapa mjini yana chumvi ya kutosha tayari. Anayefuga samaki wa Ziwa Tanganyika angeupokea kwa mikono miwili, maana pH ya ziwa lile hukaribia 9. Mimi nataka mimea, na mingi ninayoipenda asili yake ni vijito vya maji laini. Nikaenda kwa wauza mchanga wa ujenzi, nikaomba wa mtoni.

Kabla ya kuubeba niliujaribu kwa siki. Watu wengi humwagia siki mchanga mkavu, wakiona mapovu wanaukataa, kumbe ni hewa tu iliyokuwa imebanwa katikati ya chembe. Uloweshe kwanza kwa maji, ukoroge hewa itoke, uyamwage maji, ndipo umwagie siki. Ukiendelea kutoa vipovu na kuchemka, una chokaa. Ukitulia kimya, ni mawe magumu yasiyojali asidi, na huo ndio unaoutaka. Wangu ulitulia. Muuzaji alinitazama muda wote bila kusema neno.

Ukubwa wa chembe nao una maneno yake. Mchanga laini kama unga hushindiliana, maji hayapenyi, na palipokosa oksijeni kabisa bakteria hutengeneza ile gesi inayonuka yai viza. Kokoto kubwa nazo huacha mianya, chakula cha samaki kinadondokea ndani na kuoza, na udongo wa chini unapanda juu kila maji yakitikisika. Chembe za milimita moja hadi mbili zinanitosha. Nilichekechea kwenye wavu wa dirishani: vumbi lililopita nikaliacha, vilivyobaki juu nikaviokotea changarawe kwa mkono. Halafu kuosha. Ndoo, mpira wa maji, mkono unakoroga, unamwaga, unarudia mpaka maji yatoke kama yalivyoingia. Sabuni isiguse hapo.

Mchanga wenyewe, hata hivyo, hauna chakula. Vigae vya chupa vingeshika mizizi vilevile. Mimea inayokula kwa mizizi, kama kriptokorini kutoka Asia, huhitaji kitu kinachoweza kushika virutubisho na kuvitoa kidogo kidogo, na kazi hiyo hufanywa na udongo wa mfinyanzi na mboji. Wajapani wanayo dawa yao: udongo uliochomwa na kufanywa punje, ambao marehemu Takashi Amano, mpiga picha na mbunifu wa matangi ya mimea, aliufanya ujulikane duniani. Matangi yake nimeyatazama kwenye picha kwa wivu wa dhahiri. Lakini kuagiza mfuko wa udongo kutoka ng'ambo, nikiwa katika nchi yenye udongo mwekundu kila upande, kwangu ni ufahari tu, na baada ya muda punje zile hulainika na chakula chake kikaisha pia.

Shangazi alikuwa anashuka kutoka Lushoto, kwenye milima ya Usambara, nikampigia.

"Shikamoo shangazi. Naomba uniletee udongo kidogo wa kule nyuma ya nyumba."

"Marahaba baba. Udongo? Dar mmemaliza wenu?"

Akaleta, nusu gunia, kutoka mahali pasipowahi kuona dawa ya wadudu wala mbolea ya dukani. Hilo nililisisitiza sana. Wekundu wa udongo wa Usambara ni chuma, kitu kilekile kilichomo kwenye kutu. Ukiwa juani chuma hicho kimefungika, mmea hauwezi kukipata kirahisi. Ukizamishwa na kukosa oksijeni hubadilika na kuyeyuka kwenye maji, mizizi ikakinywa. Ukichimba jaruba la mpunga utakuta tope la chini lina rangi ya kijivu, si jekundu. Ni jambo hilohilo. Na mimea ya majini hupeleka oksijeni mpaka kwenye mizizi yake, hivyo haifi kwa kukosa hewa pale chini.

Maandalizi ndiyo yaliyochukua muda. Nimechekecha mizizi na vijiti, nikauloweka kwenye karai, nikamwaga vilivyoelea, nikauanika kwenye turubai, ukikauka nauloweka tena. Kila mzunguko bakteria wanamaliza vinavyooza haraka na kugeuza amonia kuwa naitreti, ambayo inamwagwa na maji. Ndiyo sababu sikuchukua udongo wa wauza miche wa barabarani: umejaa samadi, na samadi mbichi ndani ya maji hutoa amonia ya kuua samaki, tena kwenye maji ya vuguvugu kama yetu makali yake huongezeka.

Hesabu ni rahisi. Tangi langu lina sentimita 60 kwa 30, kwa hiyo kila sentimita moja ya kina inataka lita 1.8. Udongo wa sentimita 2.5 ni lita nne na nusu, na juu yake mchanga wa sentimita tatu au zaidi kidogo, karibu kilo tisa. Sizidishi udongo, ukiwa mnene sana huoza kwa ndani. Nimeuacha mbali na kioo cha mbele, pale ni mchanga mtupu, kwa sababu tabaka la tope linaloonekana sebuleni lingezua maswali mengine.

Leo jioni nimejaza maji nusu, nikiyamiminia juu ya sahani ili mchanga usifukuliwe, kisha nikapanda. Valisneria nyuma, hiyo ipo hata kwenye maziwa yetu. Anubiasi, ambayo asili yake ni Afrika Magharibi na Kati, nimeifunga kwenye jiwe kwa uzi, kwani ukizika shina lake linaoza. Nimeweka na konokono wadogo wenye gamba refu, wale wanaojichimbia mchanga mchana na kuugeuza taratibu.

Samaki wataingia kipimo kikionyesha amonia na naitraiti, ile hatua ya kati kabla ya naitreti, zimefika sifuri. Nitachagua wasiochimba. Wale wa Ziwa Nyasa ni wazuri kupita kiasi, ila usiku mmoja ungewatosha kuupandisha udongo wote juu ya mchanga. Gapi wachache wanatosha, na wanangu wameshaanza kuwapa majina.