Siku moja ya kuhesabu wasomaji, Moshi

Saa 12:00 asubuhi. Kabla ya kutoka nyumbani nilipakua faili la kumbukumbu za seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti yangu, la siku iliyotangulia. Tovuti yangu ni ndogo: ina kurasa chache kuhusu kahawa ya kihambani, yaani ya shamba la nyumbani, hasa chulebuni, unaoozesha buni, na kutu ya majani, magonjwa mawili yanayowasumbua mno wakulima wa Kilimanjaro. Kila ombi linalofika kwenye seva huacha mstari mmoja wenye anwani ya IP (namba ya kifaa au mtandao ulioomba), muda, jina la ukurasa, namba ya jibu na aina ya kivinjari. Muda huandikwa kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, nami hutoa tatu tu nikapata saa ya Kiswahili: 06:10 ya seva ni saa 3:10 asubuhi hapa kwetu.

Saa 1:30. Ndani ya daladala nilianza kuchuja, na hii ndiyo kazi yenyewe. Wingi wa mistari si wingi wa wasomaji, kwa sababu ukurasa wenye picha sita huacha mistari saba au zaidi hata ukifunguliwa na mtu mmoja. Kisha kuna roboti, yaani programu zinazofungua kurasa zenyewe bila mtu. Googlebot, ya Google, hujitaja kwa jina, lakini nyingine huja kimyakimya zikitafuta wp-login.php, mlango wa kuingilia WordPress, programu ya kuendeshea tovuti ambayo situmii kabisa, zikajibiwa 404 (ukurasa haupo) na kuendelea kugonga. Hata WhatsApp huchota ukurasa ili kutengeneza kidokezo cha kiungo, ile picha na kichwa vinavyotokea kwenye ujumbe, kabla hata mpokeaji hajakibonyeza. Anayejumlisha haya yote na kuyaita wageni anawadanganya wasomaji wake, na kwanza anajidanganya mwenyewe.

Saa 3:00. Nilifungua steshenari, karibu na stendi. Asubuhi ilipita kwa kopi za vyeti na picha za pasipoti.

Saa 5:00 hivi aliingia mzee mmoja kutoka Kibosho.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Nichapie hii, kisha unitolee kopi kumi na mbili. Ni za kikundi chetu.”

Alinionyesha simu yake, na ukurasa uliokuwa wazi ulikuwa wangu wa chulebuni. Nilichapa, nikiwaza kwamba kesho yake seva ingenionyesha msomaji mmoja, ilhali karatasi hizo zingefika mikononi mwa kaya kumi na mbili. Kopi niliyomtolea ilikula karatasi nne kila moja, kwa sababu ya picha na menyu zisizo na kazi kwenye karatasi, na fedha hizo zilitoka mfukoni mwa wakulima.

Saa 7:30 mchana. Wakati wa chakula nilirudia hesabu. Kampuni za simu huwapa wateja wengi anwani moja ya IP, hivyo wasomaji kadhaa wa Machame wanaweza kuonekana kama mmoja. Na mtu mmoja akitoka kwenye simu kwenda kwenye kompyuta huonekana kama wawili. Ndiyo maana siandiki idadi ya watu, bali idadi ya mara ambazo kila ukurasa ulifunguliwa baada ya kuondoa roboti. Sijaweka Google Analytics, huduma ya Google ya kuhesabu wageni, wala vidakuzi, yaani vifaili vya kumtambua msomaji: msimbo wa huduma hiyo huongeza mzigo kwenye bando la msomaji, na vivinjari vingine huuzuia. Tarakimu za mwisho za kila anwani huzifuta pia, kwani tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika tarehe 1 Mei 2023, naona si sawa kuhifadhi kitu nisichokihitaji.

Saa 2:00 usiku. Nilitengeneza toleo la kuchapa la ukurasa ule: maelezo ya dalili, kupogoa, muda wa kupulizia dawa ya shaba, na picha moja tu ya buni zilizooza, vyote katika karatasi moja ya A4. Nimeliweka kama faili la pekee lenye jina lake, ili likiombwa lionekane kwenye kumbukumbu kwa mstari wake, nami nijue ni kurasa zipi zinazohitajiwa kwenye karatasi.