Nilivyotenganisha risiti na matangazo ili barua pepe zifike

Kwa miezi mingi niliamini kwamba barua pepe ikishatoka kwenye seva bila kurudi, imefika. Imani hiyo ilivunjika siku mteja mmoja alipolalamika kwamba ameomba kubadilisha nenosiri mara nne bila kupata kitu. Msimbo tunaoutuma kwa ombi hilo hudumu dakika 10 tu. Nilipochungulia foleni ya seva niliukuta msimbo wake umekwama nyuma ya maelfu ya nakala za tangazo la punguzo tulilolituma wenyewe asubuhi ile. Nilipoendelea kufuatilia nikagundua jambo baya zaidi: risiti za watu waliokwisha kulipa zilikuwa zikiangukia kwenye folda ya taka, kwa sababu waliochoshwa na matangazo yetu walikuwa wakiyaripoti kuwa taka, na risiti zilibeba jina lile lile.

Nilishauriwa nibadilishe anwani ya mtumaji tu, risiti zitoke kwa anwani moja na matangazo kwa nyingine, chini ya kikoa kile kile, yaani jina linalofuata alama ya @. Nilifuata ushauri huo kwa wiki tatu bila mabadiliko yoyote. Vichujio vya wapokeaji hupima hasa sifa ya kikoa na ya anwani ya IP (namba ya seva inayotuma), na vyote viwili vilikuwa bado vya pamoja. Mwingine akanishawishi ninunue kikoa kipya kabisa kwa ajili ya matangazo. Ushauri huu unaniudhi hadi leo. Kikoa kisicho na historia, kinachoanza siku ya kwanza kwa kutuma barua kwa maelfu, hufanana na cha matapeli. Wateja wetu hawakulitambua jina, na malalamiko yakaongezeka.

Kilichofaa ni vikoa tanzu viwili chini ya kikoa chetu: kinachoanza na «risiti» kwa miamala, misimbo na taarifa za akaunti, na kinachoanza na «habari» kwa matangazo, kila kimoja kikiwa na foleni yake, anwani yake ya IP, na rekodi zake za SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina hilo) na DKIM (saini ya kidijitali ya kikoa). Kuweka rekodi hizo ni kazi ya mchana mmoja.

Kazi iliyonipa fahari ni ya kuhakiki. Nilijitumia mwenyewe kila aina ya ujumbe tunaotuma, nikafungua chanzo cha kila mmoja, yaani maandishi yake ghafi, na kusoma mstari wa saini ya DKIM, pale penye herufi d na alama ya usawa, ambapo kikoa kilichotia saini hutajwa. Kati ya aina 14 za ujumbe, tatu zilikuwa zinadanganya. Ankara ya mwezi, kwa mfano, ilionyesha kwa nje anwani ya risiti, lakini saini yake ilikuwa ya kikoa cha habari, kwa kuwa programu ya ankara ilikuwa bado inatumia funguo za mfumo wa matangazo. Bila kuusoma mstari ule nisingejua kamwe.

Kikoa cha habari nilikianzisha polepole, kwa mamia machache ya watu waliofungua barua zetu mwezi uliotangulia, nikiongeza idadi kila baada ya siku chache, na anwani zilizokufa nikazifuta. Niliweka pia kujiondoa kwa mbofyo mmoja, jambo ambalo Gmail na Yahoo wanalidai kwa watumaji wakubwa wa matangazo tangu mwaka 2024. Gmail humhesabu mtu kuwa mtumaji mkubwa anapofikia barua zipatazo 5,000 kwa siku kwenda kwenye akaunti binafsi za Gmail, na vikoa tanzu vyote vya kikoa kimoja huhesabiwa pamoja, kwa hiyo kutenganisha hakumwondoi mtu kwenye masharti hayo. Gmail na Yahoo wanataka malalamiko yasifike asilimia 0.3 ya barua, na Gmail inashauri yabaki chini ya 0.1.

Wenzangu wa mauzo waliomba tuweke ofa chini ya kila risiti, kwa kuwa risiti husomwa na kila mtu. Nilikataa kabisa, maana risiti yenye ofa ni tangazo, na ingerudisha malalamiko pale pale nilipoyaondoa.

Siku ya tangazo kubwa lililofuata, barua zikiwa bado zinamiminika, niliomba nenosiri jipya kwenye akaunti ya majaribio. Msimbo uliingia kabla sijafungua dirisha la pili, kwenye kikasha kikuu.