Kwa Mangi, kabla hajafunga

Leo jioni nimenunua chumvi kwa Mangi, na nadhani ndiyo ya mwisho. Anafunga mwezi ukiisha, anarudi Rombo. Magoti yamechoka, na mwenye nyumba anaitaka fremu yake. Nimerudi nyumbani na pakiti ya shilingi mia tano nikajikuta nimekaa kitandani nimeishika tu.

Miaka yote hii sijawahi kumwita kwa jina lake. Mangi ni mtawala wa Uchagani. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, lakini huku Dar es Salaam jina likabaki kwa mtu wa dukani, hata asiye Mchagga. Duka la kona ya pili ni la Mkinga, na watoto bado wanasema wanaenda kwa Mangi.

Bibi aliyenilea hapa Magomeni alikuwa akiniambia nisilione duka kama kitu cha kawaida. Yeye aliwahi kuishi bila duka. Mwaka 1976 ilikuja Operesheni Maduka: maduka ya watu binafsi yafungwe, ya ushirika na ya vijiji yashike nafasi yake. Nia ilikuwa kuondoa unyonyaji, na bibi, mwana TANU wa damu, aliiunga mkono. Ila milango ilifungwa haraka kuliko ile mingine ilivyofunguliwa, na huko kulikofunguliwa rafu hazikuwa na kitu. Baadaye ikaja vita ya Kagera, hali ikazidi. Alinisimulia foleni za sukari, watu wanaweka jiwe kushika nafasi kisha wanakwenda kupika. Mwaka 1983 msako wa wahujumu uchumi ulipopita, jirani yake mmoja alificha katoni ya sabuni chini ya kitanda cha mzazi. Mwaka uliofuata serikali ikaruhusu watu waingize bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na madirisha ya maduka yakaanza kufunguka tena, moja moja. Mangi wetu alikuja miaka michache baada ya hapo, kijana, na mizani yake.

Mizani ile bado ipo juu ya meza, ya sahani mbili, na mawe yake ya chuma yamelainika kwa kushikwa. Leo nimeiangalia kwa makini kwa mara ya kwanza. Aliyenitangulia alitaka sukari robo. Mangi alichota kwa kopo, akamimina polepole, akagonga sahani kwa ncha ya kidole, akangoja mpaka ulimi umetulia kabisa. Kisha akatupia kidogo juu yake. Nyongeza. Halafu akaikunja kwenye gazeti kwa mikunjo mitatu, isimwagike hata punje. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019 amerudia magazeti, na mikono yake ilikuwa haijasahau.

Hapo ndipo penye thamani ya maduka haya, naona. Yalikubali kuuza kwa ukubwa wa mfuko wetu. Mafuta ya kula kikombe kimoja, mche wa sabuni ukikatwa vipande kwa kisu, Blue Band ya kupima, kiberiti na sigara moja moja. Supermaketi kubwa zilikuja na taa zake. Shoprite ikaondoka nchini mwaka 2014, Uchumi mwaka 2015. Mtu anayelipwa kwa siku atanunuaje mafuta ya lita tano? Mwaka ambao bibi alilazwa miezi miwili, sisi tulikula kwa daftari. Ukutani pameandikwa "Kukopa harusi, kulipa matanga", lakini mkono ulikuwa unaandika tu. Hakuwahi kutaja deni mbele ya watu. Hilo sitalisahau.

Kila Desemba tulionja maisha bila yeye. Akienda Moshi kwa Krismasi, mtaa mzima ulihangaika kutafuta vocha na chumvi hadi barabara kuu.

"Shikamoo, Mangi," nilisema leo.

"Marahaba, mwanangu. Ngoja kwanza."

Akatoa daftari. Nikajua kuna deni nimesahau, nikaanza kufungua pochi. Akaligeuza, akalifungua kwa nyuma. Sikuwahi kujua kwamba nyuma kuna kurasa: orodha ya wanaomdai yeye. Chenji za siku ambazo hakuwa na sarafu, mia hapa, hamsini pale. Mama wa nyumba ya kijani, 300. Mtoto wa fundi, 50. Wengi walikuwa wamekatwa mstari kwa kalamu nyekundu. Anapita mlango kwa mlango kila akifunga jioni, wiki ya pili sasa.

Mimi nilikuwa namdai mia mbili. Akaniwekea kiganjani, akachukua kalamu, akakata mstari.